Ngoma Juu, Mdomo Chini

Mwanangu aliposema hataki maua ya hina, nilidhani ananitania. Tulikuwa uani kwetu Mikindani, mimi nachambua majani ya hina kwenye ungo, yeye amekalia mbuzi ya nazi bila kukuna nazi, tabia ambayo nimemgombeza tangu hajaota meno ya pili. Harusi yake ilikuwa imeshapangwa. Ingekuwa baada ya mauzo ya korosho, maana huku kwetu nani anaozesha kabla korosho hazijauzwa?

"Hutaki maua, unataka nini? Mapapai?"

"Nataka maandishi, mama."

"Jina la bwana? Hilo mbona naliweka kila siku. Nalificha katikati ya majani, alitafute mwenyewe."

"Si jina. Nataka yale maandishi ya Mwalimu. Na nataka aniandike yeye mwenyewe."

Nikaacha kuchambua. Mkono wangu ulibaki umeshika jani, na nakumbuka nililisugua kwa kidole gumba mpaka likatoa maji. Yeye akaendelea kunieleza, tena kwa furaha, hajui kwamba pale alipokaa amenikalia moyoni.

Niseme mimi ni nani ili mtu aelewe nilivyoumia. Mimi napaka hina. Tangu niko msichana, mikono ya maharusi kuanzia Mikindani mpaka Msimbati imelala hapa mapajani kwangu, na kama kuna iliyonikwepa, basi ilikwenda kuharibiwa na mtu mwingine. Nilijifunza kwa bibi mmoja wa Kihindi, mama yake mwenye duka la vitambaa. Alikuwa ananiita nimshikie mteja mguu usitikisike, na mimi macho yangu yote kwenye koni yake ya hina. Hakunifundisha. Niliiba kwa macho, na alijua naiba, akaniacha.

Na miaka yote hiyo nilikuwa na ua moja ambalo sikuwahi kumpa mtu. Ua la mkorosho. Watu wanalijua bibo, lile tunda lake, wanaijua korosho, lakini ua lenyewe nani analitazama? Ni dogo, lina mistari ya waridi ndani, linakaa vishada vishada. Nililichora kwa mkaa ukutani jikoni, nikalichora kwenye unga uliomwagika, mpaka nikapata namna ya kulianzisha kwenye kifundo cha mkono na kulipandisha hadi ncha ya kidole cha kati. Biharusi mmoja wa Ziwani aliliona pale ukutani, akalililia mpaka mama yake akanuna. Nikamwambia lile lina mwenyewe.

Sasa mwenyewe ndiye huyo, kakalia mbuzi, hataki maua.

Huyo anayemwita Mwalimu si mwalimu wa shule. Ni Mchina, mama wa makamo kama mimi, ana duka la vigae na masinki pale Mtwara mjini yeye na mumewe. Mwanangu alipata kazi dukani kwao, kuuza. Mwanzoni nilishukuru Mungu. Nilijua atauza mchana, jioni atarudi tukae wote, ashike koni kama nilivyomzoesha tangu utotoni, na siku moja maharusi wa Mikindani watakuwa wake.

Basi kumbe wateja wakipungua, yule mama anageuza kigae upande wa nyuma, ule wenye ukavu usiong'aa, anachovya brashi kwenye maji, anaandika. Maji yanakauka, maandishi yanapotea, anaandika tena. Mwanangu akatazama siku ya kwanza. Siku ya pili akaomba brashi. Baada ya hapo nikawa sina mtoto Jumapili asubuhi, yuko Mtwara Shangani, barazani kwa Mchina.

Maandishi yenyewe si haya ya Kichina unayoyaona kwenye maboksi ya taa za sola. Haya ni ya kale, ya enzi za mfalme wao wa kwanza, zaidi ya miaka elfu mbili huko nyuma. Wachina wenyewe wengi hawawezi kuyasoma siku hizi, wanayaona kwenye mihuri tu, na ndiyo maana yanaitwa mwandiko wa mihuri. Mstari wake una unene mmoja tangu unapoanza mpaka unapoishia. Hauanzi na ncha, haumalizii na ncha. Kona zake zimezungushwa, na kushoto na kulia vinalingana. Yote haya nilielezwa wakati wa kula, na sikuwa nimeuliza.

Kila kitu kikawa Mwalimu. Mwalimu anasema ukiandika usiongee. Mwalimu anasema mgongo ukipinda na mstari unapinda. Siku moja nikamwandalia chai, vijiko vyake vya sukari kama kawaida, akainusa akairudisha. "Siku hizi nakunywa bila sukari, mama. Mwalimu anasema ukiweka sukari huwezi kusikia ladha ya majani." Jamani! Chai bila sukari kwetu ni maji ya kusuuzia vikombe. Nikaimwaga chini ya mpapai, kikombe nikakibamiza kwenye beseni.

Baba yake akacheka. "Mke wangu, wewe utamwonea wivu hata mto anaolalia huyu mtoto."

"Mto haumfundishi kunywa chai bila sukari," nikamjibu.

Jirani yangu, Mmakonde aliyekuja mjini akiwa mtu mzima, alinipa ukweli bila kupepesa macho. "Nchina anakuchukulia ntoto, weye umekaa tu." Nilicheka alivyosema. Nilipoingia ndani sikucheka tena.

Ndiyo, nilikuwa na wivu, na wala siombi radhi. Anayesema mama haoni wivu hajazaa, au kazaa wa kiume tu. Kuna kitu mtoto anakipata kwako, unajua ni chako: anavyokunja shuka, anavyokata limau. Nilikuwa nakiona kinaondoka kimoja kimoja na mahali pake panakuja kitu cha yule mama. Alikuwa hata anashika kalamu wima, imesimama dede, kama Mwalimu.

Baada ya hayo maneno ya uani, nikaamua kwenda kumwona huyo mtu anavyofundisha. Nilijifanya nina haja ya kujifunza. Mwanangu alifurahi mpaka akanikumbatia, na mimi nikazidi kukasirika, maana sikwenda kwa ajili ya furaha.

Yule mama alitupokea barazani, kavaa kitenge cha kawaida na kandambili. "Karibu, mama. Kaa. Leo wewe mwanafunzi." Kiswahili chake alikiokota sokoni, kifupi kifupi, lakini hakimwangushi. Akanipa brashi, akaniwekea kigae na kikombe cha maji. Akanionyesha: brashi isimame wima. Ukianza, unaingia kinyume kwanza, unarudi nyuma kidogo kama umesahau kitu, ndipo unakwenda. Ukifika mwisho unarudi tena ndani ya mstari wako, unafunga. Ncha isionekane hata siku moja.

Mimi huyu, mkono wangu unaoaminiwa na ukanda mzima, nikashindwa. Kwenye hina mkia ndiyo kila kitu. Unadondosha tone, unavuta, unanyanyua, jani limepatikana. Nimefanya hivyo maisha yangu yote, na mkono hausahau. Kila nilipofika mwisho wa mstari nilinyanyua, na mstari ukachongoka.

"Mkia," akasema yule mama.

Nikaandika tena.

"Mkia. Tena."

Mwanangu akacheka, kicheko kizuri tu cha mtoto anayemwona mama yake hawezi kitu. Ningeweza kumpiga na kandambili.

Kisha yule mama akaniacha na mikia yangu akaenda kusimama nyuma ya mwanangu. Akamshika kifundo cha mkono kwa vidole viwili, hata hakubana, na wakaandika pamoja. Niliwatazama. Walikuwa wanavuta pumzi pamoja, wanaishikilia mstari mzima, wanaitoa pamoja mwishoni. Mimi ndiye niliyemfundisha kushika koni kwa namna hiyohiyo, nikiwa nimesimama nyuma yake, kidevu changu juu ya nywele zake. Nilitamani kuinuka niseme jamani inatosha, twende nyumbani. Nilibaki nimekaa.

Neno walilokuwa wanaliandika ni furaha. Yule mama alinielekeza kwa mpini wa brashi. "Juu ngoma. Ona, ngoma imesimama kwenye mguu wake. Chini mdomo. Ngoma inapigwa, mdomo unaimba. Furaha." Na kwao harusini wanaandika furaha mbili, bega kwa bega.

Mwanangu akadakia. Alikuwa ameshalifikiria jambo lenyewe: neno moja kiganja cha kulia, neno moja kiganja cha kushoto. Siku ya ndoa akiinua mikono kuitikia dua, viganja vikikutana, furaha mbili zinakaa pamoja. Alinionyesha mikono yake pale, imeunganishwa, mitupu.

Nilichukia kwa sababu lilikuwa wazo zuri. Ngoma juu, mdomo chini, nani huku kwetu hajui furaha iko hivyo? Lingekuwa limetoka kwa mtu mwingine ningelibeba mwenyewe mpaka kwa mshona nguo alitie kwenye gauni la harusi.

Nyumbani, watu wote wametoka, nikageuza sinia la pilau kifudifudi, nikachukua koni. Nilitaka kuona tu. Koni haina nywele kama brashi. Ukiibana sawasawa inatoa uzi wa unene mmoja mpaka uchoke wewe. Nikaanza kinyume, nikarudi, nikaenda. Nilipofika mwisho nikauambia mkono wangu kwa sauti, "Weee, usinyanyue." Nikafunga ndani ya mstari. Ngoma ikasimama juu ya sinia kwa mguu wake, haina mkia. Nikaandika nyingine na nyingine. Waliporudi sinia lilikuwa limeoshwa na liko kwenye chaga.

Siku ya hina ikafika. Alasiri, nyumba imejaa wanawake, udi umefuka mpaka macho yanawasha, mkeka mpya chini, biharusi katikati ndani ya kanga za kijani. Yule mama wa Kichina naye akaja na brashi zake ndani ya kitambaa. Akakaa upande mmoja wa mwanangu, mimi upande wa pili. Wimbo ulipofika mwisho, hakuna aliyeanzisha mwingine. Kila mtu anajua anayepaka hina ni mimi, na kila mtu ameshasikia kwamba biharusi anamtaka Mchina.

"Viganja vyote viwili ataandika Mwalimu," mwanangu akasema, kwa sauti ndogo. "Mama atanipaka miguu."

Miguu! Nimempamba kila mtoto wa mwanamke mwenzangu, wa kwangu nipewe miguu. Nikasema sigusi mguu wa mtu leo, na sauti yangu ilitoka vibaya, ikapasuka mbele za watu. Wanawake wakaangalia mkeka.

Aliyeokoa ni wifi yangu, shangazi yake biharusi, na siku ya hina kwetu shangazi ndiye serikali. "Mbona mnatuharibia shughuli? Mikono ni miwili, wanawake wawili. Kila mtu na wake. Wifi, chagua."

"Kulia!" nikasema, hata hajafunga mdomo.

Wakacheka wote, wakapiga vigelegele, maana walielewa. Mkono wa kulia ndio wa kulia chakula, ndio unaotoa salamu, ndio unaotoa na kupokea. Kidole cha shahada kiko huko. Na wa kushoto kazi yake kila mtu anaijua, sina haja ya kuitaja. Nilimtazama yule mama nione kama ameumia. Akatabasamu tu. "Sawa, mama." Hakujua nimemwachia nini, na hilo nalo liliniudhi.

Akaanza yeye. Hina yangu nilikuwa nimeshaichuja kwenye soksi ya nailoni, laini, iko ndani ya koni. Yeye akachovya brashi kwenye bakuli ya hina nzito, ile ambayo haijachujwa, ina nyuzi za majani ndani. Sikusema kitu. Nani kaniuliza?

Brashi ikanywa hina ikavimba. Alipoigusisha kwenye kiganja ikatoa donge, ikasita, kisha ikaburuta. Akarudia juu yake. Ikaburuta tena, mstari ukanenepa. Aliishikilia pumzi yake kama kawaida, lakini kiganja cha mtu aliye hai kina mikunjo, kina jasho, kinatekenyeka, na kila mahali brashi iliposita aliongeza hina juu ya hina. Wanawake walikuwa wanaimba, wakapunguza, wakanyamaza. Ngoma ilitoka nene, imeegemea upande, mdomo chini yake umekaa kama kiazi. Jasho lilimtoka yule mama puani.

Nilifurahi. Moyo wangu ulicheza, nisidanganye. Nikamtazama mwanangu nione anavyojuta, nikakuta hajatazama kiganja kabisa. Alikuwa anatazama kile kichwa kilichoinama juu ya mkono wake, zile mvi za utosini, kwa macho ambayo nilidhani ni yangu peke yangu. Furaha yangu ikaniishia hapohapo.

Yule mama akaweka brashi chini. "Samahani," akasema. "Kigae kinatulia. Mkono unapumua."

"Liko vizuri, Mwalimu," mwanangu akamwambia.

Ikawa zamu yangu. Nikauchukua mkono wa kulia nikauweka pajani. Ulikuwa na joto lilelile la utotoni. Koni ilikuwa tayari kwenye kifundo cha mkono, na ua langu la mkorosho lilishafika kwenye vidole vyangu, natoa tu. Mkono ni wangu, shangazi kanipa mbele ya watu. Mwanangu aliona koni iko wapi. Ua hilo ametazamana nalo jikoni tangu anatambaa, hawezi kutojua ni lipi.

"Ukitaka weka ua lako, mama," akasema taratibu. "Mimi nakubali."

Alisema kwa upole, na hicho ndicho kilichoniua. Nikatazama kile kiganja cha kushoto, furaha moja, pana, imelewa, iko peke yake. Nikafikiria atakapoinua mikono yake kuitikia dua, huku neno, huku ua, mbele ya watu wote, kwa sababu mama yake hakukubali. Na niseme yote: nilitaka pia yule mama aone.

Nikahamisha koni katikati ya kiganja. Nikaanza kinyume, nikarudi, nikaenda. Ngoma ikasimama. Nikaiwekea mguu wake. Nikazungusha mdomo, nikafunga mstari ndani ya mstari, na mkono wangu haukunyanyuka. Nilipotoa koni vigelegele vikalipuka, wifi yangu akanitupia kanga mabegani. Yule mama akainama karibu kabisa, pua yake inakaribia kugusa hina mbichi.

"Hakuna mkia," akasema.

Nilimsubiri mwanangu. Nilijua sasa atanitazama mimi. Akainua kiganja kile, akakitazama, akakigeuza upande wa pili.

"Mwalimu, liko sawa?"

Mimi ndiye niliyeandika. Mkono wenyewe niliutoa mwilini mwangu, nikaukata kucha, nikaupeleka chanjo. Na anamuuliza Mwalimu! Kanga ya wifi yangu ikaniteleza begani, sikuiokota.

Yule mama akainua kichwa. "Zuri kuliko langu," akasema. Alikuwa haangalii hina tena. Alikuwa anaangalia jinsi mkono ulivyolala pajani kwangu, na uso ule niliutambua mara moja, maana nimeuvaa tangu mwanangu aanze kazi kwenye duka lile. Hapo ndipo roho yangu ilipopoa kidogo. Nikapata hata ukarimu. Nikamwambia mwanangu lete huo wa kushoto niupitie na koni, niunyooshe.

Akaukwepesha mkono, akauvuta kifuani, hina mbichi na yote. "Usiuguse, mama. Uache hivyohivyo."

Basi. Nikampaka miguu.

Siku ya ndoa aliinua viganja vyake. Nilikuwa upande wa wanawake, nikaona vilivyokutana: la kulia limenyooka, la kushoto limelegea, bega kwa bega. Hina ilikuwa imekolea nyekundu ya kuiva. Watu wakaulizana ni maandishi gani, wengine wakasema ni dua, wengine ni jina la bwana. Yule mama alikuwa amekaa nyuma yangu, na tulilia wote wawili bila kuangaliana.

Bwana anafanya kazi Tanga, akamchukua. Nyumba ikawa kubwa ghafla. Nilikuwa napika chai nyingi halafu nakumbuka. Siku ya kwanza alipopiga simu ya picha nilimwacha aongee kidogo tu kuhusu nyumba na mama mkwe, nikamkatiza. "Nyoosha mikono nione."

Akaweka simu mahali, akanyoosha. Kiganja cha kushoto kilikuwa na ngoma na mdomo kama vile amepakwa juzi. Cha kulia kilikuwa kitupu. Nikamwambia asogeze karibu na dirisha. Akasogeza. Labda kwenye mkunjo wa kidole gumba kulikuwa na kijistari, labda ni kivuli.

"Limekwenda wapi?"

Akacheka. "Mama, huku napika! Nakanda chapati, napara samaki, nafua, nasugua masufuria ya mama mkwe. Na kula nakula na mkono gani? Mkono wa kulia ndio wa kazi, mama."

Mimi napaka hina, ndiyo kazi yangu. Kila biharusi anayeinuka kwenye mkeka wangu namwambia: mkono wako wa kulia uupake mafuta, vyombo waoshe wengine, kula kwa kijiko siku za mwanzo, maana wa kulia ndio unaotangulia kufutika. Nimewaambia watoto wa watu wote. Siku nilipogombea mkono wa mwanangu nilisahau, nikakimbilia ule wa heshima. Na yule mama ambaye hakujua chochote, niliyemwachia kile kilichobaki, hina yake nzito ya madonge imekaa salama kwenye mkono usiofanya kazi.

Nilipokwenda Mtwara mjini nilijisemea nakwenda kuulizia bomba la sinki. Sinki letu halina tatizo lolote. Nilimkuta yule mama nyuma ya duka, kigae kimegeuzwa, kikombe cha maji pembeni. Kulikuwa na vigoda viwili, kimoja kitupu. Nikakaa hapo.

"Amekupigia?" nikamuuliza.

"Bado."

Ee Mungu, nilivyosikia utamu! Nikajinyoosha kwenye kigoda. Akanimiminia chai kwenye kikombe kidogo, akachovya brashi, hakuandika. Akaishikilia tu mpaka tone likadondoka juu ya kigae.

"Hina bado ipo?" akauliza. Hakunitazama. "Yangu?"

Ningeweza kusema imefutika. Tanga ni mbali, na nani angemwambia? Alikuwa ameinamisha kile kichwa chenye mvi utosini, anasubiri, na neno hilo nilikuwa nalo mdomoni kabisa. Tone lile la maji likakauka.

"Yako ipo," nikasema. "Yangu imefutika."

Hakufurahi kama nilivyoogopa. Alifikiri. Akaandika mstari mmoja juu ya kigae, akaingia kinyume, akaenda, akafunga, kisha akaniwekea mkono wake uliolowa juu ya mkono wangu.

"Mkono wa kulia," akasema, "ndio wa kazi, mama."

Maneno yaleyale, na sauti ileile ya kubembeleza. Hajapigiwa simu, hajaambiwa na mtu. Hata kunifariji, wale wawili walinifariji kwa mdomo mmoja.

Nikanywa chai yake. Haikuwa na sukari.